Nimeliwa Kwenye Blackjack, Nijifunze Nini? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila anayekaa kwenye meza ya blackjack ameshaambiwa kwamba kuliwa ndiko kujifunza. Mimi nakubali nusu tu. Kuna kuliwa kunakofundisha, na kuna kuliwa ambako hakuna somo lolote hata ukeshe unakuwaza. Kazi ni kuvitofautisha.

Tuelewane maneno kwanza. Lengo ni kumzidi mgawaji bila kupita 21; kula ni kushinda, kuliwa ni kushindwa. Blackjack, mbali na jina la mchezo, ni ree na kumi katika karata zako mbili za kwanza. Ree ni karata ya A, nayo huhesabiwa 1 au 11. Kumi ni 10 yenyewe pamoja na J, Q na K. Kuomba ni kuongeza karata, kusimama ni kubaki na ulizonazo, kudabo ni kuongeza dau mara mbili na kupewa karata moja tu, kutenganisha ni kuzigawa karata mbili zinazofanana ziwe michezo miwili.

Nitajuaje kama nilikosea au ni bahati mbaya tu?

Rudi kwenye sekunde ile ya kuamua. Ulikuwa na ngapi? Karata ya wazi ya mgawaji ilikuwa ipi? Ulifanya nini? Basi. Karata iliyokuja baada ya hapo haihusiki kwenye hukumu, kwa sababu hukuijua.

Nina raundi mbili za usiku mmoja ambazo bado ziko kwenye daftari langu. Ya kwanza nilikuwa na 11, mgawaji 6. Nikadabo, nikapewa 2, nikabaki na 13 yangu mkononi kama mtu aliyeshika mwavuli uliotoboka. Mgawaji akafunua kumi, akawa na 16, akavuta 5. Ishirini na moja. Dau mara mbili likaenda. Ya pili nilikuwa na 15, mgawaji 7. Nikaogopa kupita 21, nikasimama. Akafunua 9, akawa na 16, akavuta J, akapita. Nikala. Nilipiga meza kwa furaha.

Kwenye daftari, ya kwanza imeandikwa "sawa" na ya pili imeandikwa "kosa". Kusimama na 15 mbele ya 7 kunakupotezea, kwa wastani wa muda mrefu, takriban 10 zaidi katika kila 100 unazoweka kuliko ungeomba. Usiku ule nililipwa kwa kosa, na kosa linalolipwa ndilo baya kuliko yote maana utalirudia kwa moyo mmoja.

"Sawa" na "kosa" unavipima kwa kipimo gani?

Kwa jedwali la mkakati wa msingi. Upande mmoja limeandikwa jumla yako, upande mwingine karata ya wazi ya mgawaji, na pale vinapokutana kuna jibu: omba, simama, dabo, tenganisha. Si imani ya mtu. Mwaka 1956 wanaume wanne waliokuwa jeshini Marekani, kwenye kambi ya Aberdeen, walichapisha hesabu zao katika jarida la kitaaluma la takwimu. Majina yao ni Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, na walitumia mashine za kukokotolea za mezani. Baadaye Edward Thorp, mwanahisabati, akarudia kazi hiyo kwa kompyuta ya IBM 704, akatoa kitabu mwaka 1962. Majibu ya wale wanne yalikuwa karibu sawa kabisa na ya kompyuta.

Hakikisha tu jedwali unalotumia linalingana na kanuni za meza unayokaa: idadi ya pakiti za karata, na kama mgawaji anaomba au anasimama akiwa na 17 yenye ree inayohesabiwa 11.

Nalifuata jedwali neno kwa neno na bado naliwa. Mbona?

Kwa sababu jedwali halikufanyi ushinde. Linapunguza kasi ya kupoteza. Kwenye meza yenye kanuni nzuri, mchezaji asiyekosea bado anaiachia kasino takriban nusu ya asilimia moja ya kila dau. Katika raundi 100 utakula kama 42 au 43, utaliwa kama 49, zilizobaki ni sare. Pengo hilo linazibwa kiasi na malipo ya blackjack, kudabo na kutenganisha, lakini halizibwi lote. Sababu yake kubwa ni moja: wewe unacheza kwanza. Ukipita 21 umeshaliwa, hata kama mgawaji naye atapita dakika moja baadaye.

Halafu kuna kuyumba, na hapa ndipo wengi wanapotea. Chukua raundi 100 za dau moja moja. Hesabu inatarajia upoteze nusu ya dau. Lakini kuyumba kwa kawaida ni kama dau 11 na nusu, juu au chini. Yaani jioni moja ya mchezo haisemi chochote kuhusu uwezo wako. Bahati inapiga kelele mara ishirini na zaidi kuliko ustadi. Ili hasara ya ile nusu asilimia ifikie tu ukubwa wa kuyumba kunakoificha, unahitaji raundi zipatazo 53,000. Kwa mwendo wa raundi 70 kwa saa, hizo ni saa zaidi ya 750.

Ndiyo maana mtu akiniambia "jana nimejifunza, nimeliwa dau kumi", namuuliza amejifunza nini. Dau kumi ni hali ya hewa.

Nimeliwa raundi nane mfululizo. Mchezo umechezewa?

Inawezekana, lakini nane mfululizo si ushahidi. Ukiacha sare, uwezekano wa kuliwa raundi moja ni kama 53.5 kwa mia. Uzidishe wenyewe kwa wenyewe mara nane, unapata takriban mara moja katika kila 150. Anayecheza raundi mia kadhaa ategemee kukutana na mfululizo wa namna hiyo, na akiendelea atakutana na wa kumi.

Kinachostahili shaka ni mengine: jukwaa lisilo na leseni inayoweza kukaguliwa, malipo yanayocheleweshwa kwa visingizio, kanuni zisizoandikwa popote.

Na usidhani kwamba baada ya nane zile ya tisa "inakudai". Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, mpira wa ruleti uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na watu wakazidi kumwaga pesa kwenye nyekundu wakiamini zamu yake imefika. Mpira haukuwa unaweka hesabu.

Nikiongeza dau mara mbili kila nikiliwa, si nitakomboa zote nikishinda mara moja?

Anza na dau 1. Ukiliwa, 2, kisha 4, 8, 16, 32, 64, 128. Ukishaliwa mara nane umeshatoa 255, na sasa unatakiwa kuweka 256 ili upate faida ya 1. Meza nyingi zitakuzuia kabla hujafika hapo, kwani zina kiwango cha juu cha dau, na mfuko wako huenda ukakuzuia mapema zaidi. Mbinu hii inakupa jioni nyingi za ushindi mdogo, kisha jioni moja inayozimeza zote. Nimewaona watu wakiisifu kwa wiki tatu.

Ni makosa gani hasa yanayowala watu?

Mengi yana mzizi mmoja, ambao ni kuogopa kupita 21. Kupita kunauma kwa sababu umejiua mwenyewe. Kusimama ukaliwa kunaonekana ni kazi ya mgawaji. Hesabu haijali nani ameshika kisu.

Angalia 12 mbele ya 2. Wengi husimama, wanasema "2 ni karata mbovu, atapita". Mgawaji mwenye 2 hupita kama mara 35 katika 100. Ukisimama na 12 unakula hizo 35 tu na kuliwa 65, hasara ya kama 30 kwa kila 100. Ukiomba, ni karata za thamani ya kumi tu zitakazokuvusha, aina 4 kati ya 13, na hasara inashuka hadi karibu 25. Bado ni hasara. Lakini kupoteza 25 badala ya 30 ndiyo blackjack yenyewe. Asiyelielewa hilo atauona mchezo huu kama bahati nasibu.

Ree na 7, jumla 18, mbele ya 9. Kumi na nane inapendeza machoni, mtu anasimama. Ukisimama unapoteza takriban 18 kwa kila 100, ukiomba unapoteza 10. Na huwezi kupita kwa karata moja, maana ree inageuka kuwa 1. Hili ndilo kosa ninalolikuta hata kwa wachezaji wa miaka.

Nane mbili mbele ya kumi. "Kwa nini niweke dau la pili kwenye moto?" Kwa sababu 16 ndiyo jumla mbaya kuliko zote. Ukiicheza kama 16 unapoteza takriban 54 kwa kila 100 za dau la kwanza. Ukitenganisha, pamoja na dau la pili, hasara yote ni karibu 48.

Na 16 ya kawaida mbele ya kumi? Hiyo naomba uache kuililia. Kuomba na kusimama vinakaribiana mno, vyote hasara ya karibu 54 kwa 100. Kama meza inaruhusu kujitoa na kurudishiwa nusu ya dau, jitoe, utapoteza 50. Kama hairuhusu, omba, ukipita ukapumue. Hapo hapana somo.

Bima je? Mgawaji ana ree, ananiuliza nataka bima.

Hapana. Bima ni dau la pembeni kwamba karata iliyofunikwa ni kumi. Inalipa 2 kwa 1. Katika kila 13, kumi ni 4. Ukiweka 1 mara kumi na tatu utapata 8 na kutoa 9. Hasara ya 7.7 kwa mia, mara kumi na tano ya hasara ya mchezo wenyewe.

Hata ukiwa na blackjack na unaambiwa "chukua sawa kwa sawa sasa hivi", ni bima ileile imevaa nguo nyingine. Mara 13 za kuchukua zinakupa 13. Mara 13 za kukataa, kwa meza inayolipa 3 kwa 2, zinakupa 13.5. Nakubali kwamba kukataa kisha kuona kumi likifunuliwa kunachoma. Kunachoma, na bado ni sahihi.

Aliyekaa kiti cha mwisho aliomba vibaya, akachukua karata iliyokuwa imwangushe mgawaji. Si yeye aliyenilia hela?

Alikuangusha raundi ile. Raundi nyingine atachukua karata ambayo ingemkamilishia mgawaji, na wewe hutamshukuru kwa sababu hutagundua. Kwa jumla, uchezaji wake haukuongezei wala kukupunguzia. Andika makosa yako, ya kwake muachie.

Je, kosa linaweza kuwa meza niliyoichagua?

Ndiyo, na mara nyingi ndilo kosa kubwa kuliko yote ya usiku huo, ila halionekani kwa sababu lilifanyika kabla ya karata ya kwanza.

Soma kitambaa cha meza. Kama kimeandikwa blackjack inalipa 6 kwa 5 badala ya 3 kwa 2, basi kwa dau la 10 utapewa 12 badala ya 15. Blackjack hukujia kama mara moja katika raundi 21, hivyo tofauti hiyo inaongeza hasara yako kwa karibu asilimia 1.4. Umejifunza jedwali lote miezi miwili ili ufike nusu asilimia, halafu umekaa mahali ambapo ni karibu 2. Ungecheza kiholela kidogo kwenye meza nzuri ungekuwa salama zaidi.

Mgawaji kuomba akiwa na 17 yenye ree kunaongeza takriban 0.2. Madau ya pembeni, yale ya jozi na mifuatano yenye rangi za kuvutia, aghalabu yana hasara ya zaidi ya asilimia 3, mengine mbali zaidi. Siyagusi.

Kuna na mwendo. Dau la 10 kwa raundi 70 za saa moja ni 700 zimepita mezani. Nusu asilimia ni 3.5. Cheza peke yako kwenye simu, raundi 200 kwa saa, hasara ile ile inakuwa 10, na wala hujabadilisha dau.

Daftari liandikwe nini?

Kidogo. Anayetaka kuandika kila raundi huacha siku ya pili. Mimi naandika zile tu nilizosita. Mstari mmoja: jumla yangu, karata ya mgawaji, nilichofanya. Siandiki kama nilikula au nililiwa, na hilo ni kwa makusudi. Nikifika nyumbani ndipo nafungua jedwali na kuweka alama. Baada ya wiki kadhaa utaona kwamba huna makosa mia. Una manne au matano yanayojirudia. Yangu yalikuwa ree na karata ndogo, maana nilikuwa nasahau kudabo mbele ya 5 na 6.

Mwisho wa ukurasa naandika mambo matatu: muda niliokaa, dau langu la kwanza, na dau langu la mwisho. Ukiona la mwisho ni mara nne ya la kwanza na ulikuwa unaliwa, somo la usiku huo halimo kwenye jedwali.

Kwa nini nacheza vibaya zaidi nikishaanza kuliwa?

Kwa sababu umeacha kucheza blackjack, sasa unakomboa hela. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi kilekile inavyomfurahisha, na kwamba aliye kwenye hasara huwa tayari kubeba hatari ambayo angeikataa akiwa salama, ili tu arudi sifuri. Mezani inaonekana hivi: unaanza kuangalia rundo la chipu za wengine, unaomba haraka bila kuhesabu, unadabo na 12 kwa hasira. Mkono ukianza kusogeza chipu kabla mgawaji hajamaliza kukusanya karata za raundi iliyopita, inuka. Kanywe maji.

Kujiwekea kikomo cha kupoteza kunasaidia?

Hakubadilishi hesabu. Karata hazijui kwamba leo ulipanga kuishia dau 20, na kusimama leo ukarudi kesho ni mchezo uleule uliokatwa katikati. Kinachofanya ni kumtoa mezani yule mtu wa aya iliyopita kabla hajafika benki. Kwa hiyo kiweke, na kiwe pesa taslimu uliyoibeba, kadi ibaki nyumbani. Ile pesa uihesabu imekwenda tangu ulipofunga mlango, kama nauli na kiingilio.

Si bora nijifunze kuhesabu karata?

Inafanya kazi, kwa sababu blackjack, tofauti na ruleti, ina kumbukumbu: karata zilizotoka hazirudi mpaka zichangwe upya. Kumi na ree zikibaki nyingi ndani ya kasha, hali inakupendelea. Lakini anayehesabu bado anategemea faida ya karibu asilimia moja, mtaji mkubwa, na miezi ya kuliwa huku akicheza sawasawa. Kasino nyingi zitamwomba aondoke. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya New Jersey, Marekani, iliamua katika kesi ya Ken Uston kwamba kasino za Atlantic City haziwezi kumfukuza mtu kwa kuhesabu tu. Jibu la wenye kasino limekuwa kuchanga karata mara nyingi zaidi. Kwenye michezo ya kompyuta karata kwa kawaida huchangwa kila raundi, na mashine za kuchanga mfululizo zinafanya vivyo hivyo mezani. Hapo hakuna cha kuhesabu. Na kama bado unasimama na ree-7 mbele ya 9, usianze huku.

Nimekopa ili nikomboe. Nimewaficha nyumbani. Nifanye nini?

Hapo jedwali, daftari na kila kitu nilichoandika juu havikuhusu tena. Acha kucheza kabisa, si kupunguza. Omba kasino au jukwaa likufungie akaunti. Mengi yana utaratibu wa mchezaji kujizuia mwenyewe kwa miezi au moja kwa moja. Mwambie mtu mmoja ukweli wote, pamoja na kiasi. Mkabidhi kadi zako kwa muda. Tafuta mshauri au kikundi cha watu walioacha kamari. Wamesikia makubwa kuliko yako na hawatashtuka. Deni la kamari halilipwi kwa kamari.

Naruhusiwa kukaa na jedwali mezani?

Kasino nyingi huruhusu kakaratasi kadogo, mradi usicheleweshe mchezo. Muulize mgawaji kabla hujaketi. Simu hapana, hiyo karibu kila mahali ni marufuku mezani. Watu wengine wataona aibu kuchungulia karatasi mbele ya wageni. Mimi yangu imeshapauka kwenye mikunjo, na mstari wa 16 umefutika kabisa kwa kidole.